Kutoka Mezzolombardo hadi Taurasi: mivinyo ya Italia isiyotajwa mezani

Ijumaa, Mezzolombardo

Hombolo, nje kidogo ya Dodoma mjini, kuna mizabibu ya Teroldego, Marzemino na Aglianico iliyoletwa kutoka Italia. Mivinyo yake nimeihudumia mezani Dar es Salaam kwa miaka, na wateja huniuliza mambo ambayo kitabu hakiyajibu vizuri: huu mbona mchachu, huu mbona unakausha ulimi, na je, huko kwao pia uko hivi? Chianti na Prosecco zisingenitoa nyumbani. Hizo kila hoteli inazo. Nimekuja kutafuta zabibu ambazo hata Mwitalia wa mkoa wa pili hazijui. Orodha rasmi ya taifa hili ina aina zaidi ya 500 za zabibu za mvinyo, na nyingi kati ya hizo ni nadra kuzikuta nje ya wilaya zilikozaliwa.

Dereva wangu kwa upande wa kaskazini ni shemeji, mume wa dada yangu, anayeishi Verona. Ni mtu wa Tanga, hanywi pombe kabisa, na alikubali kunizungusha kwa sharti moja: chupa isifunguliwe ndani ya gari lake.

"Kunusa je?" nilimuuliza.

"Kunusa sijakatazwa," alisema, akawasha gari.

Piana Rotaliana ni tambarare ndogo iliyobanwa na kuta za miamba, pale mto Noce unapoingia Adige. Kwa maelfu ya miaka Noce umekuwa ukishusha kokoto na changarawe kutoka milimani, kwa hiyo maji ya mvua hayatuami, yanapita. Mizabibu imepandishwa kwenye vichanja vya mbao vilivyoinama, majani yakawa dari na vichala vikaning'inia chini yake. Wavunaji wanakata wakiwa wameinua mikono, na kufikia saa nane mchana kila mmoja alikuwa anajinyoosha mabega. Tumefika mwishoni mwa mavuno.

Teroldego ina rangi ya zambarau iliyoiva, na rangi hiyo inabaki kwenye meno mpaka jioni. Nilitarajia ukali unaolingana na weusi wake, sikuupata. Ukakasi ni mdogo, uchachu ndio mwingi, halafu mwishoni kuna uchungu kidogo unaotaka nyama. Ile ya Hombolo ninayoijua imeiva zaidi na pombe yake inasikika kooni; hii ya huku imesimama juu ya uchachu. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa wateja wangu.

Nilionja ya namna mbili. Moja imechachushwa kwenye matangi ya chuma, ya kunywa mwaka huu na mwaka ujao, safi na ya furaha. Nyingine imekaa na maganda yake kwa miezi kwenye mitungi ya udongo, njia ambayo Elisabetta Foradori wa hapa hapa Mezzolombardo ameifanya ijulikane duniani. Alianza kazi katika shamba la familia miaka ya 1980, wakati Teroldego ilikuwa inalimwa kwa wingi wa kilo kuliko ubora, akaanza kuchagua mizabibu mmoja mmoja na kuzidisha ile yenye vichala vidogo vilivyoachana. Ya mitungi ina harufu ya udongo na majani makavu, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kuwekwa mbele ya mtu anayedai mvinyo mwekundu wote ni mmoja.

Jioni nilimweleza shemeji jambo lililogunduliwa kwa vipimo vya vinasaba: Teroldego ni ndugu wa damu wa zabibu moja ya Ufaransa iitwayo Dureza, na Dureza ndiyo baba wa Syrah, zabibu nyekundu maarufu.

"Basi Teroldego ni baba mdogo wa Syrah," alisema bila kusita.

Ndiyo. Na pale Dodoma wote wawili wako, mtoto na baba yake mdogo, wala hakuna aliyewatambulisha.

Jumamosi, Santa Massenza

Nosiola ni zabibu nyeupe ya Trentino, eneo hili la milima ya kaskazini, ambayo ikitengenezwa mvinyo wa kawaida inakuwa nyepesi mno. Niliionja kwa chakula cha mchana, nikasahau ladha yake kabla ya kahawa. Thamani yake iko kwingine. Katika Valle dei Laghi wanachagua vichala vilivyoachana na kuvilaza darini juu ya chanja, wakiacha madirisha wazi ili upepo wa Ora, unaopanda kila alasiri kutoka ziwa Garda, upite katikati. Zabibu zinakaa hapo tangu mavuno hadi Juma Takatifu, miezi mitano au sita. Zinasinyaa, zinaota ukungu wa aina inayotakiwa, na zinapoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Kinachokamuliwa ni kidogo, tena kizito, na kinachacha polepole kwenye mapipa madogo kwa miaka.

Huo ndio Vino Santo wa Trentino. Watengenezaji wake wanahesabika kwa vidole. Walinimiminia kiasi cha kijiko kikubwa, rangi ya asali iliyokaa, tamu sana lakini bado na uchachu wa kutosha kuufanya utamu usikinaishe. Shemeji alinusa muda mrefu, akasema tende, kisha akajisahihisha: tende zilizokaa karibu na jiko. Nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Bei ya chupa ile ndogo sitaiandika, dada yangu husoma hizi habari zangu.

Usiku tukaendesha kuelekea mashariki.

Jumapili, Prepotto

Kama msomaji ana siku moja tu ya kuipa Friuli, eneo la kaskazini mashariki mwa Italia, aje hapa. Prepotto ni kijiji kwenye vilima vya mpakani; mto Judrio unapita chini, ng'ambo ni Slovenia. Udongo wenyeji wanauita ponca: tabaka za mfinyanzi mgumu na mawe ya mchanga, ukiushika unavunjika vipande vipande mkononi. Zabibu yao ni Schioppettino, nyekundu, ambayo miaka ya 1970 ilikuwa karibu kutoweka kabisa.

Kisa chake hakihusu ladha. Kwanza alikuja filoksera, mdudu wa mizizi aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19. Kisha vita kuu ya kwanza ikapita juu ya vilima hivi hivi. Watu walipopanda upya walipanda Merlot na jamaa zake za Kifaransa, zilizozaa sana na kuuzika bila maelezo. Schioppettino ikabaki mzabibu mmoja huku, miwili kule, nyuma ya nyumba za wazee. Halafu ikaja sheria. Italia ina orodha ya aina zinazoruhusiwa kupandwa katika kila eneo, na Schioppettino haikuwamo. Aliyeipanda kwa biashara alikuwa anavunja sheria na angeweza kutozwa faini.

Mwaka 1970 mume na mke, Paolo na Dina Rapuzzi, walinunua ardhi iliyotelekezwa kwenye bonde dogo la Cialla, ndani ya Prepotto. Walizunguka wakitafuta mizabibu mizee iliyobaki, wakakata pingili, wakabebesha na kupanda, ruhusa ikiwa haijapatikana. Familia ya Nonino wa Percoto, watengenezaji wa grappa, pombe kali ya makapi ya zabibu, nao wakaanzisha tuzo, Risit d'Âur, makusudi kabisa ili kuzitetea zabibu za Friuli zilizokuwa zinakufa, na akina Rapuzzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutuzwa. Tuzo ile ilikuwa kelele ya kisiasa yenye adabu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa imelegeza kamba, na mvinyo wa kwanza wa Schioppettino wa Cialla ni wa mavuno ya 1977.

Ninalieleza kwa kirefu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba zabibu nzuri hujitetea yenyewe. Hii ilikuwa nzuri wakati wote ule ilipokuwa inakufa.

Sasa glasi. Tuliketi kwenye jiko la familia moja, mama mwenye nyumba akamimina, nami kabla sijainua nikamsogezea shemeji. Alinusa mara moja tu.

"Pilipili manga," alisema. "Wameitia?"

Hawakuitia. Ndani ya maganda ya Schioppettino kuna kitu kinachoitwa rotundoni, kile kile kinachoipa pilipili manga harufu yake. Watafiti wa Australia waliitambua kwenye Syrah mwaka 2008, na baadaye watafiti wa San Michele all'Adige, shule ya kilimo ya tangu 1874 tuliyoipita juzi ng'ambo ya mto kutoka Mezzolombardo, wakapima mivinyo ya Italia na kukuta Schioppettino imejaa nayo. Miaka ya baridi na mvua huongezeka, miaka ya jua kali hupungua. Nadhani hapo ndipo lilipo jibu la swali jingine la wateja wangu, kwa nini Syrah ya Dodoma ina tunda jingi na pilipili kidogo kuliko ile ya Ufaransa wanayoisoma kwenye magazeti.

Kuna jambo jingine. Karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kabisa kuinusa rotundoni, pua yake haina mlango huo. Mama mwenye nyumba alicheka nilipolitaja: mumewe ni mmoja wao. Anaitengeneza Schioppettino tangu ujana wake, na kila mwaka mkewe ndiye humwambia kama pilipili imekuja.

Mdomoni ni mvinyo mwembamba, si wa kifua kipana. Matunda madogo meusi, uchachu wa wastani, pilipili inayorudi baada ya kumeza. Kuku wa kupaka ungeendana nao. Shemeji aliposikia hivyo akaanza kupanga kuku atapatikana wapi Verona mwenye ladha ya kuku.

Tulionjeshwa nyingine mbili. Picolit nyeupe tamu, ambayo maua yake mengi hayashiki, kichala kizima kikatoka na punje chache tu, na bei ikapanda kwa kila punje iliyokosekana. Na Tazzelenghe, nyekundu, kali kiasi kwamba niliomba maji. Kuna zabibu ambazo nadhani zilikuwa zinatoweka kwa haki, lakini mama mwenye nyumba anaipenda na mimi nilikuwa mgeni.

Jumatatu, Oslavia

Kilima cha Oslavia kiko juu ya Gorizia, na kabla ya mizabibu unaliona jengo kubwa jeupe lenye minara ya duara: mifupa ya askari zaidi ya 57,000 wa vita kuu ya kwanza imehifadhiwa humo. Tulizima redio.

Hapa zabibu ni Ribolla Gialla. Sehemu nyingine za Friuli huifanya mvinyo mweupe mwepesi wa kiangazi, hata wa mapovu. Oslavia wanaiacha ichache pamoja na maganda yake kama vile ni zabibu nyekundu, kwa wiki au miezi, na inatoka na rangi ya chai ya rangi. Josko Gravner alikwenda Georgia mwaka 2000, akarudi na mitungi mikubwa ya udongo, akaifukia ardhini kwenye ghala lake. Tangu mavuno ya 2001 Ribolla yake inazaliwa humo. Majirani walimwona kichaa. Siku hizi wamewekeana hata chama cha wazalishaji wa Ribolla ya Oslavia.

Mivinyo hii ya maganda imekuwa fasheni kila mahali, na mingi niliyoionja katika miji mikubwa inafanana: ladha ya maganda ya tofaa na chai iliyozidi kuchemka, wala huwezi kujua ilikuwa zabibu gani. Ya Oslavia ni tofauti kwa sababu Ribolla ina ganda nene na ladha yake iko humo gandani, si kwenye maji yake. Ninywe bila baridi, alisema kijana aliyetuhudumia, na alikuwa sahihi. Ya kwanza niliyoipata ikiwa imetoka friji ilikuwa bubu. Ukakasi upo, mwepesi, na ladha ya limao lililokaushwa.

Shemeji alisema haisikii chochote ila nta. Alikuwa anafikiria zamu yake ya kesho asubuhi. Aliniacha kituo cha treni cha Udine na mfuko wa maandazi ya dada.

Jumanne, njiani

Udine hadi Napoli, kubadili treni, kulala, kuamka Roma, maandazi. Hakuna mvinyo.

Jumatano, Aversa

Nilishaona picha, bado nilisimama barabarani na kukodoa macho. Kaskazini mwa Napoli, kati ya magorofa, magereji na mashamba ya mboga, kuna kuta za majani zenye urefu wa hadi mita 15. Ni mizabibu. Imepandwa chini ya mipopla na kuachwa ipande, ikafungwa kutoka mti hadi mti, ikawa pazia. Namna hii ya kilimo inasemekana ilitoka kwa Waetruski, kabla Roma haijawa kitu, na zabibu inayokaa humo ni Asprinio.

Mavuno ni kazi ya wakwezi. Ngazi ni ya mbao, nyembamba, ndefu kuliko nyumba, na hutengenezwa kwa kipimo cha mvunaji mwenyewe: umbali kati ya vipandio hulingana na mguu wake, ili apate kukaza goti na kubaki na mikono miwili huru. Kikapu chake kina ncha kali chini. Kikishajaa anakiteremsha kwa kamba, ncha inachoma udongo, kikapu kinasimama wima bila kumwagika. Aliye chini anakimwaga, kamba inapanda tena. Nilitazama mzee mmoja akifanya hivyo kwenye urefu ambao mimi ningekuwa nasali. Nilimtumia shemeji video.

"Mkwezi wa Pangani asingehitaji ngazi," alijibu.

Lakini wazee hawa ni wachache, vijana hawataki, na hakuna mashine inayoweza kuvuna ukuta wa mita 15. Mashamba mapya ya Asprinio yanapandwa kwenye nyaya za urefu wa kawaida. Wakulima wawili niliozungumza nao walitofautiana: mmoja alisema zabibu za juu zina uchachu zaidi kwa sababu kivuli na urefu huzichelewesha kuiva, mwenzake alisema hayo ni maneno ya kuuzia watalii. Nilionja za aina zote mbili zikiwa bichi mkononi. Za juu zilikuwa kali zaidi, ninamuunga mkono wa kwanza.

Mingi ya mizizi hapa haikubebeshwa. Karibu Ulaya yote mzabibu wa mvinyo unabebeshwa juu ya shina la Kimarekani, kwa sababu shina hilo linamstahimili filoksera. Kwenye mchanga na majivu ya volkano mdudu huyo hawezi kujenga njia zake, kwa hiyo Asprinio imesimama kwa miguu yake yenyewe.

Mvinyo wake ni mkali kama ndimu, hauna pombe nyingi, na mara nyingi hutengenezwa na mapovu. Wanauhifadhi kwenye mapango yaliyochimbwa kwenye mwamba laini chini ya nyumba za kale, unashuka ngazi nyingi mpaka unatamani sweta. Pembeni waliniwekea mozzarella ya maziwa ya nyati, ambayo Aversa ni moja ya makao yake. Jibini ile ina mafuta, Asprinio inayafagia, unarudia. Dar es Salaam, kwa joto letu na kwa pweza wa kukaanga, ningeuza huu kabla ya Prosecco yoyote. Shida ni kwamba zabibu zinazopatikana kwa wakwezi wachache hazitoshi hata Napoli.

Alhamisi, Pontelatone

Vilima vya kaskazini mwa Caserta. Mfalme Ferdinand wa ukoo wa Bourbon alikuwa na shamba la mizabibu karibu na kasri lake, lililokatwa kwa umbo la kipepeo cha kujipepea kilichokunjuliwa, kila kipande na aina yake. Pallagrello, nyeupe na nyeusi, zilikuwamo. Ufalme ukaanguka, filoksera akaja, na katika karne ya 20 Pallagrello haikuwa jina la kitu chochote kwenye karatasi za serikali.

Jirani yake ni Casavecchia, nyekundu, ambayo wenyeji wanasimulia kwamba yote imetokana na mzabibu mmoja mkongwe uliokutwa kwenye magofu ya nyumba. Majirani walilaza matawi yake ardhini yaote mizizi, wakagawana. Kwa miongo mingi ilikuwa mvinyo wa nyumbani na wa jirani tu, haijaandikishwa. Miaka ya 1990 wakili Peppe Mancini na mwandishi wa habari Manuela Piancastelli waliamua kuzitengeneza zabibu hizi kwa uzito, wakisaidiwa na mtaalamu wa mvinyo Luigi Moio, ambaye baadaye aliongoza shirika la kimataifa la zabibu na mvinyo. Mwaka 2011 Casavecchia di Pontelatone ilipata daraja lake la DOC, yaani jina la mahali linalolindwa na sheria.

Casavecchia ina harufu ya majani pori na ngozi, uchachu mdogo, ukakasi mwingi. Pallagrello nyeusi ni ya heshima zaidi na haisumbui. Nyeupe ndiyo iliyonishangaza: nzito, ya mafuta kidogo mdomoni, inayoweza kukabili samaki wa nazi bila kufunikwa.

Ijumaa, Pozzuoli

Sehemu hii ya pwani ardhi yake inapanda na kushuka. Kwenye soko la Kirumi katikati ya mji nguzo za marumaru zina matundu yaliyotobolewa na kome wa baharini, juu kuliko kichwa changu. Maana yake mahali hapa paliwahi kuzama na kuinuka tena. Inainuka sasa hivi pia, na matetemeko madogo ni mazungumzo ya kila siku dukani.

Ni nchi ya volkano, na Piedirosso, zabibu inayoota kwenye majivu yake, hutoa mvinyo mwekundu wa samaki. Mwepesi, harufu ya maua na moshi kidogo, hauna ukakasi wa kugombana na ngisi. Nilikunywa kwa furaha na sina zaidi la kusema.

Jumamosi, Taurasi

Nimefika kwa Aglianico, na zabibu bado ziko mtini. Kule Mezzolombardo walikuwa wanamaliza. Huku kusini, ambako mtu angetegemea waanze mapema, hawajagusa kichala. Aglianico huiva kwa kuchelewa mno, na vilima vya Irpinia vina usiku wa baridi, kwa hiyo mavuno yanaingia mwishoni mwa Oktoba na miaka mingine yanavuka hadi Novemba. Nilikula punje moja shambani: sukari ipo, lakini ganda lilinikausha mdomo wote na kokwa zilikuwa bado na ukijani.

Mwenyeji wangu ni mzee mwenye shamba dogo, na baadhi ya mizabibu yake ni minene kama miti ya matunda, imepandishwa juu na kutandazwa pande zote kwa mtindo wa zamani. Mvinyo wa Aglianico wa hapa, unaoitwa Taurasi kama mji, ulipata daraja la DOCG, la juu kuliko DOC, mwaka 1993, wa kwanza kwa kusini yote ya bara. Sheria inataka mvinyo ukae angalau miaka mitatu kabla ya kuuzwa, sehemu ya muda huo kwenye pipa. Mzee anasema mitatu ni ya kumridhisha mwanasheria. Yeye hanywi kabla ya kumi.

Alinimiminia mvinyo mchanga kwanza. Ukakasi ulikuwa wa kufunga mdomo, na uchachu juu yake. Kisha akamimina mmoja mkongwe, rangi imeanza kuelekea tofali, na vitu vile vile viwili vilikuwamo lakini vimepatana: cheri zilizokauka, tumbaku, kitu cha chuma. Sasa najua la kumwambia mteja anayelalamika kwamba Aglianico yetu inakausha ulimi. Inakausha hapa pia. Tofauti ni kwamba hapa wanausubiri, sisi tunaufungua mwaka ule ule kwa sababu kiwanda kinahitaji fedha na ghala la kuulaza ni gharama.

Nilimweleza kuhusu Dodoma. Kwamba iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko shamba lake, ila haina baridi ya kuulaza mzabibu. Kwamba mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa mkasi: ukipogoa, miezi minne hivi baadaye unavuna.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu unapogoa tena, unavuna tena. Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba."

Alimwita mkewe kutoka jikoni aje asikie. Mkewe aliuliza swali la maana kuliko yote ya safari hii: kama zabibu zinaiva wakati wa mvua, mnafanyaje na ukungu? Nikamwambia ukweli, kwamba msimu wa mvua ndio unaotutesa, na mvinyo mzuri hutoka kwenye mavuno ya kiangazi.

Nilikuwa na chupa ya Makutupora Red kwenye sanduku, nimeisafirisha toka nyumbani kwa ajili ya mtu wa namna hii. Hiyo ndiyo zabibu yetu isiyojulikana. Sijakuta nchi nyingine inayojisifu nayo. Mzee aliizungusha glasi, akanusa, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Ukakasi hautoshi," alisema. "Ni ya kunywa upesi." Akanywa tena. "Kwa kondoo inafaa. Nani mwingine anailima?"

"Sisi tu, nijuavyo."

"Na mnaiuza kama mvinyo?"

Nilimwambia kwamba wakulima wengi huuza zabibu kwa kilo, na wengine hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa. Hapo hakuhitaji maelezo zaidi. Alisema baba yake aliuza Aglianico hivyo hivyo, kwenye matangi, ikaenda kuongeza rangi kwenye mivinyo ya kaskazini ambayo haikutaja Taurasi popote. Kisha akauliza bei ya kilo shambani. Nilipoitaja aliitafsiri kwa mkewe kwa lahaja yao, kana kwamba hakuwa amesikia, na mkewe akasema kwa bei hiyo yeye angekunywa zote mwenyewe.